Mfereji wa Nyuma

Nimechimba mitaro mahali pengi, na kwa kawaida mwenye nyumba hunionyesha kwanza pale maji yanapoingilia. Mzee Shamsudin alinionyesha mke wake.

"Unamwona yule?" aliniuliza, tukiwa bado tumesimama langoni. "Yule akipanda treni ya Mombasa, Joash, mimi nimekwisha."

Bi Waridi alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka, akichagua mchele kwenye ungo, na alijifanya hasikii. Lakini kila jiwe alilolitoa alilitupa uani kwa nguvu, kama analijua lilikotoka.

Hapo ni Hurlingham, Nairobi, mwezi wa Machi, mwaka wa sabini na mbili. Mzee alikuwa karani wa mawakili mjini kwa miaka mingi, na miaka hiyo yote waliishi Pangani, chumba na sebule, ukuta mmoja na majirani. Alipostaafu akanunua nyumba hii kwa Mzungu aliyekuwa anahama. Waliinunua wakati wa jua. Mzungu aliwaonyesha maua, akawaonyesha mahali pa kuotea moto, akawaonyesha hata kaburi la paka wake. Habari ya maji hakuitaja.

Sasa, ile nyumba ilikaa bondeni kama yai ndani ya kiota. Upande wa juu alikaa Balbir Singh, fundi wa kuunda bodi za malori, na uwanja wake wote alikuwa ameumwagia saruji ili apate kuegesha magari. Mvua ikinyesha, maji ya barabara na maji ya saruji ya Balbir yalikutana kama watu wa harusi, yakateremka pamoja, yakapita jikoni, yakaenda kukaa sebuleni. Masika ya kwanza yaliingia. Vuli yakaingia tena.

"Mara ya kwanza nalisema ni bahati," Bi Waridi alinieleza mwenyewe. "Mara ya pili nalisema ni mtihani. Yakiingia mara ya tatu, basi ni mimi tu nisiyesikia. Nakwenda zangu Kibokoni kwa dada yangu Mabruka. Baba Hemed nimemwambia, naye amekubali mbele ya mwanawe."

Mzee alikubali kweli. Ndiyo sababu alikuja mjini kutafuta mtu wa maji, akanikuta mtaa wa Biashara nikizibua uchafu nyuma ya duka moja, tope mpaka kiunoni. Kwetu ni Bunyore, lakini kwetu nimekaa kidogo kuliko nilivyokaa kwa watu. Wakati ule nilikuwa nimetoka Moshi wiki tatu tu, baada ya miaka mitano ya kuchimba na kulinda maji ya migomba kwa Wachaga. Mzee alinitazama nikipima mteremko kwa chupa ya maji nusu iliyofungwa kwenye kamba, akasema, "Wewe ndiye."

Nilipewa stoo iliyo nyuma ya gereji nilale humo, nikaanza. Siku tatu za kwanza sikuchimba kitu. Nilizunguka tu ua na kijiti, nikatazama nyasi zilizolalia upande mmoja, nikatazama mahali udongo mwembamba ulipojipanga, nikapima kwa chupa yangu, nikapigilia vijiti na kamba. Maji yana tabia kama ng'ombe; njia waliyopita jana ndiyo wanayoijua. Bi Waridi hakupendezwa na kutembea kule.

"Baba Hemed," nilimsikia akisema dirishani, "umeniletea fundi au umeniletea mlinzi? Huyu tangu asubuhi aranda tu."

"Anapima, Mama Hemed."

"Apima nini, kanzu?"

Nilipoanza kuchimba hasa, alisogeza mkeka wake ili anione vizuri. Mfereji wa kwanza niliukata mbele, kando ya njia ya kuingilia. Wa pili, ndio mkubwa, niliukata nyuma, chini ya ukuta wa Balbir, ukapinda nyuma ya jiko, ukateremka kwa ubavu mpaka kwenye mtaro wa barabara. Kina cha goti, mteremko wa vidole viwili kila hatua nne, na sakafu yake nimeitandika mawe niliyoagiza kutoka Kinoo. Udongo wote niliutupa upande wa nyumba, ukawa tuta.

"We Joash!" aliniita siku moja. "Wamzika nani?"

"Maji, mama."

"Na kaburi refu hivyo? Marehemu alikuwa nyoka?"

Kazi yangu aliiita handaki. "Handaki lako limefika wapi?" angeniuliza akiniletea chai. Mzee yeye aliita mtaro. Mimi nilichimba tu, majina niliwaachia wenyewe.

Nami nilimpenda yule mama, nasema kweli. Kila siku saa nne aliniletea chai na vitumbua, na kila siku aliniuliza swali moja ambalo watu wengine hawathubutu kuuliza.

"Una mke?"

"Nilikuwa naye."

"Akafa?"

"Hapana. Alichoka kuningoja."

"Mwanamke ana akili," alisema, akaniongezea kitumbua.

Lakini niliona pia kuwa hana raha. "Pangani," aliniambia, "nikikosa chumvi nagonga ukuta, mara chumvi hiyo, na maneno juu. Hapa nikigonga ukuta ni chokaa inayoanguka. Mwaka mzima na zaidi, mke wa huyu Singasinga simjui jina. Huko chini naona moshi tu wapanda, sijui ni nani apikaye." Na kulikuwa na jambo jingine nililoliona nilipoingia kusaidia kusogeza kabati: sanduku lake la chuma lilikuwa limewekwa juu ya matofali manne, karibu na mlango, limefungwa kwa kufuli. Nikajiambia, huyu tayari amefunga safari, anangoja sababu.

Ijumaa ya pili ya Aprili nilikuwa namaliza kusawazisha tuta. Mvua kubwa ilikuwa bado haijashuka, manyunyu tu. Mzee alikuwa anakwenda kuswali mjini katika msikiti wa Jamia, na Bi Waridi aliandamana naye ili ashushwe Pangani kumtazama mgonjwa. Teksi ilikuwa langoni ikipiga honi. Mama akatoka mbio mbio na buibui lake, mkoba huku, kapu la machungwa huku, mzee akimwambia haraka, haraka. Alipofika langoni akakumbuka kitu, akageuka akanipigia kelele:

"Joash! Mfereji wa nyuma, ufunge! Ufunge kabisa, sitaki hata tone lipite!"

Mlango wa teksi ukafungwa, wakaenda.

Nikasimama na sepetu mkononi. Huko Moshi kila mtu ana zamu yake ya maji. Zamu yako ikiisha, mzee wa zamu anakupigia kelele kutoka juu, "Funga mfereji!" Nawe unaziba kwa vigogo vya migomba na mabonge ya udongo, ili maji yaende shambani kwa mwenzako. Neno hilo nimelisikia kila siku kwa miaka mitano. Hakuna neno la Kiswahili ninalolielewa zaidi.

Nikatazama juu. Upande wa Ngong mbingu ilikuwa nyeusi kama chungu. Yeye naye ameiona, nikasema. Ameiona, na ameniambia nifunge.

Sikufanya haraka. Niliketi juu ya tuta nikafikiri, maana mzee ndiye aliyenileta, na mzee anataka maji yapite. Lakini huyu mama anataka kwenda kwao. Ana sanduku mlangoni, ana dada Mombasa, hana wa kumpa chumvi. Ameona mfereji wangu utafanya kazi, na ukifanya kazi atakuwa amefungwa na ahadi yake mwenyewe. Kwa hiyo ameniomba mimi, mtu wa kupita njia, nimfungulie kwa kufunga. Mimi nimeondoka mahali pengi maishani, na najua mtu akishataka kuondoka hutafuta tu kisingizio. Nani mimi nimnyime?

Nikaufunga. Nilikwenda pale kwenye kona nyuma ya jiko nikapanga mawe makubwa chini, nikatia magogo mawili ya mti wa mgrevilea juu yake, nikajaza udongo wa mfinyanzi nikaukanyaga kwa miguu, nikafunika majani, nikaweka mawe tena. Kama kuna kazi niliyowahi kuifanya vizuri katika mji wa Nairobi, ni ile. Tena nilipokuwa nanawa mikono niliona bomba la nyuma, lile la kufulia, linamwaga. Mama alikuwa ameliacha wazi lijaze pipa, na pipa limefurika, maji yanatiririka mpaka kwenye ngazi. Nikalifunga bila kuambiwa na mtu. Nikajisifu kwa uangalifu wangu.

Saa nane mvua ikashuka.

Haikuja kwa matone. Ilikuja yote pamoja. Nikiwa mlangoni mwa stoo niliyaona maji ya Balbir yakiingia katika mfereji, mazuri, mekundu, yanakwenda mbio pale nilipoyatengenezea njia, mpaka kwenye kona. Yakasimama. Yakapanda. Yakazunguka kidogo kama mtu anayetafuta mlango, kisha yakaruka tuta na kwenda moja kwa moja jikoni.

Nilikimbia kuingia ndani niokoe vitu, kwa maana kumsaidia mtu aondoke si kumharibia mali. Na humo ndani ndipo roho yangu ilipoanza kunisuta. Mikeka yake yote ilikuwa chini. Ule mkeka wa kuswalia, alioutia rangi kwa mkono wake, chini. Gunia la mchele, chini. Nikasema, Joash, mtu anayealika maji hatandiki mkeka.

Nikatupa mikeka juu ya meza, nikakimbilia nyuma kuzibua. Haikuzibuka. Nilikuwa nimefunga kazi ya Moshi, kazi ya kuzuia mto, na sasa ilikuwa chini ya maji mekundu yanayonifika mapajani. Nilivuta gogo nikaanguka. Nikavuta tena nikaanguka tena. Nikasikia sauti ukutani.

"We fundi! Mimi naona wewe naogelea!"

Alikuwa Balbir Singh, kilemba kimefunikwa mfuko wa nailoni. Hakungoja jibu. Aliruka ukuta na mtaimbo mkononi, mwanamume wa miaka hamsini, akaingia majini na viatu vyake vya kazi. Alipigilia mtaimbo, mimi nikainua, yeye akatukana kwa Kipunjabi, gogo likatoka. Maji yakanguruma yakaenda zake. Lakini ndani ya nyumba yalikuwa tayari yamefika vifundoni.

Mke wa Balbir, Harbans, alikuja kupitia langoni na mafagio mawili na ndoo. Huyu alizaliwa Nakuru, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mumewe. Alikunja suruali yake pana mpaka magotini, akaniambia, "Usinitazame, fagia." Tulikuwa bado tunafagia pale aliposimama mlangoni mwanamke mwingine, kijana kidogo, amejifunika gunia kichwani, na mkononi ameshika kubadhi moja la ngozi.

"Hodi. Hii kiatu ni ya nani?" aliuliza. "Imekuja kwangu na maji, ikasimama kwa mlango kama mgeni."

Ndiye aliyekuwa akitoa ule moshi wa chini. Rael, jina lake, yaya katika nyumba iliyo chini ya yetu, akikaa katika chumba cha wafanyakazi kilichoegemea ua. Maji ya sebuleni kwa Bi Waridi yalikuwa yametokea mlango wa mbele, yakapenya michongoma, yakaingia kwake.

"Ni la mzee," nikamwambia.

"Basi mwambie mzee kiatu yake imefika salama. Lete hiyo ndoo."

Teksi iliwarudisha mvua ikiwa imebaki manyunyu. Bi Waridi alisimama barazani. Alitazama ukuta, pale maji yalipoacha mstari mwekundu. Akatazama mkeka wa kuswalia juu ya meza.

"Subhanallah," alisema. Halafu, polepole: "Baba Hemed. Mara ya tatu."

Bi Waridi akavua buibui, akajifunga kanga kiunoni, akamnyang'anya Harbans fagio. Harbans akaenda kuchukua jingine. Wanawake watatu wakafagia hadi maji yakaisha.

Mzee alizunguka nyuma na mwavuli wake. Nilimfuata. Alitazama magogo, akatazama mawe, akagusa kwa ncha ya mwavuli udongo niliokanyaga. Alikuwa karani, na macho ya karani huona jambo lililofanywa kwa makusudi.

"Nani aliziba hapa?"

"Mimi, mzee."

"Wewe?" Sauti yake haikupanda. "Kwa nini, Joash?"

"Mama aliniagiza."

Alivua miwani akaipangusa kwa shati. Akaivaa. Akaivua akaipangusa tena.

"Yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe, mzee. Pale langoni, mkiondoka. Wewe ulikuwa umeshaingia kwenye gari, honi inalia."

"Alisema kwa nini?"

"Hakusema."

Akatikisa kichwa mara nyingi, kidogo kidogo, kama mtu anayesomewa hukumu aliyoijua. "Angeniambia tu," alisema. "Asingehitaji kuiadhibu nyumba." Kisha akanishika bega. "Usimwambie mtu. Asije akaona haya."

Kesho yake, Jumamosi, jua liliwaka kama kwamba mvua ni hadithi ya watu. Mzee aliondoka mapema kwenda mjini bila kunywa chai. Alisema ana barua ya kutia posta. Mikeka ilianikwa juu ya michongoma, magodoro yaliegemezwa ukutani, na barazani pakajaa. Harbans alikuja na birika la chai nzito ya iliki. Rael alipata ruhusa ya saa moja, akaja kuona, alisema, ni wapi maji yake yanazaliwa. Bi Waridi alikaanga mahamri, akapasha mbaazi za nazi, na mdomo wake, uliokuwa umekosa majirani mwaka mzima, ukafunguka.

"Mwaka na zaidi wanisikia hapa na huji?" alimwambia Harbans.

"Nakusikia kila siku ukiita, Baba Hemed, Baba Hemed! Mimi nilidhani ni jina la mbwa."

Rael alicheka mpaka chai ikampalia. "Na mimi nilidhani hii nyumba ni ya mzee peke yake," alisema, "anaongea na redio."

"Mtaniua nyinyi," Bi Waridi alisema akijifuta machozi. Halafu akanigeukia mimi niliyekuwa nakula kimya kwenye ngazi. "Na wewe, mzika maji! Marehemu wako alifufuka. Handaki hilo mwezi mzima ukilichimba, lilikuwa la nini?"

"Mama," nikasema kwa sauti ya chini, "tuyaache. Ni mambo yetu, mimi na wewe."

Wale wanawake wawili waliacha kutafuna.

"Mambo gani yetu, mimi na wewe?" Bi Waridi alisimama. "Yaseme hapa hapa, kabla watu hawajayatunga!"

"Si wewe uliyeniambia nifunge mfereji?"

"Nalikwambia. Kwani hukufunga?"

"Nilifunga."

"Basi?"

"Basi maji yakaingia."

"Yataingiaje na mfereji umeufunga?"

"Mama, yaliingia kwa sababu nimeufunga!"

Akanitazama kama mtu mwenye homa. Akanishika mkono wa shati, akaniburuta kuzunguka nyumba, wale wengine nyuma yetu na vikombe vyao, mpaka nyuma ya jiko. Akanyoosha kidole kwenye bomba la kufulia.

"Huu ni nini?"

"Bomba."

"Bomba ni la kujazia baiskeli pumzi! Huu ndio mfereji. Mfereji, maji yatoka, wakinga ndoo! Mombasa nzima wasema hivyo!"

"Mfereji ni huu," nikasema, nikaonyesha kazi yangu. "Moshi nzima wanasema hivyo."

"Huo ni mtaro!"

Hapo Harbans aliweka kikombe chini, akaketi juu ya tuta, akashika mbavu. "Ngojeni," alisema, "ngojeni niwaambie. Kwetu hiyo ya ukutani ni nalka, na hilo shimo ni nali. Nilipoolewa, mama mkwe akaniambia kwa haraka, nenda ukachote kwenye nalka. Nilivyokuwa namwogopa, nikasikia nali. Nikachota."

"Ukampelekea?" Rael aliuliza.

"Nikampikia chai."

Bi Waridi aliketi palepale kwenye majani. Alicheka mpaka akakohoa, akanipiga mgongo, akaniita Mchaga wa uongo. Kisha kicheko kikakatika.

"Na mzee ajua ni wewe uliyeziba?"

"Aliniuliza jana. Nikamwambia mama aliniagiza."

"Akasema nini?"

"Alisema ungemwambia tu. Akaniambia nisimwambie mtu, usije ukaona haya."

Bi Waridi akajipangusa majani kwenye kanga. Harbans na Rael wakatazama vikombe vyao.

"Kwa hivyo adhani nimeitia nyumba yake maji," alisema, "ili nipate kumkimbia. Na wewe pia, Joash, ndivyo ulivyodhani."

"Niliona sanduku, mama. Juu ya matofali, mlangoni."

"Nimeliinua lisirowe, mwanangu! Wataka niliweke wapi, darini?"

Tulisikia lango. Mzee Shamsudin alikuja moja kwa moja, koti limefungwa vifungo vyote, tarbushi kichwani, kama anakwenda kutoa ushahidi. Aliwasalimu wageni vizuri, mmoja mmoja. Kisha akatoa bahasha akamkabidhi mkewe kwa mikono miwili.

"Treni ya kesho jioni," alisema. "Daraja la pili. Nimewaambia wakuweke dirishani."

Bi Waridi aliitoa tikiti akaitazama pande zote mbili. "Dirishani," alisema.

"Hupendi kukaa ndani. Hukohoa." Mzee aliiweka sawa tarbushi yake. "Sina kinyongo, Mama Hemed. Mtu hazuiwi. Ningependa tu ungenitamkia mwenyewe."

"Baba Hemed. Tangu unioe ni miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

"Lini mimi nalitaka jambo nikamtuma mtu anifanyie kimya kimya?"

Mzee alikuwa mtu wa haki. Alifikiri kweli. "Sikumbuki," alisema.

"Nilipokuwa sitaki kuhama Pangani, nalinyamaza?"

"La. Ulisema."

"Nalisema wapi?"

"Nyumbani. Na sokoni." Akatazama chini. "Na ofisini kwa mawakili, mbele ya mteja."

"Basi nikitaka kukukimbia wewe, nitamnong'oneza mchimba mitaro?"

Ndipo mambo yote yakamwagika kwa pamoja. Mama akionyesha ukutani, mimi nikionyesha chini, Harbans akirudia habari ya chai yake, Rael akisema kwao hizo zote zinaitwa maji. Mzee aligeuza kichwa huku na huku. Ilichukua muda kumfikia. Ilipomfika, hakucheka. Aliegemea pipa, akavua tarbushi, akajipepea.

"Mfereji," alisema. "La ilaha illallah. Mfereji."

"Ndiyo," Bi Waridi alisema.

"Lakini maji yaliingia," alisema baadaye, kwa sauti ya chini, akiitazama tikiti mkononi mwa mkewe. "Tulipatana, mara ya tatu. Mimi nilikubali mbele ya Hemed. Sitaki uniambie nimekushika kwa ujanja wa maneno."

Hapo nilimheshimu. Mtu mwingine angeliacha lipite.

"Hayakuingia," Bi Waridi alisema. "Nimeyaita. Mgeni uliyemwita mwenyewe wamhesabu na wezi?"

"Kwa hivyo unakaa?"

"Sijasema nakaa. Nasema nina shughuli. Jumatatu huyu Harbans yuaja nimfunze mahamri, yeye anifunze hayo maachari yake. Na huyu Rael maji yetu yaingia chumbani mwake, chumbani mwa mtu, Baba Hemed, na sisi twajisifu kwamba tumejichimbia. Yataka mtaro mwingine, na Joash bila kusimamiwa umeona afanyavyo." Akamrudishia tikiti. "Hii nenda kaibadilishe."

"Niibadilishe?"

"Itoke Mombasa ije huku. Waandikishe jina la Mabruka. Na yeye mtie dirishani."

Mzee alivaa tarbushi yake. Akaishika bahasha, akaenda mpaka kwenye kona ya nyumba, akasimama. Akanikonyeza niende. Nikaenda.

"Joash," aliniuliza kwa siri, "huko Moshi, kubadilisha ni nini?"

"Ni kubadilisha tu, mzee."

"Hakuna maana nyingine?"

"Siijui."

Hakutosheka. Akarudi hatua mbili, akapaza sauti, majirani wote wakisikia. "Mama Hemed! Huko kubadilisha, maana yake nini?"

"Maana yake siendi!" Bi Waridi alipiga kelele. "Siendi, mzee wewe! Unataka nikuandikie kwa mashine?"

Mzee alipita karibu nami akienda langoni, karibu anakimbia, na miaka yake yote ile. Nikachukua sepetu, nikamwambia Rael anionyeshe mlango wake.